Mali bila daftari: Funzo la vitabu vya pombe ya matufaha

WAHENGA walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Kwa kawaida usemi huo huelekezwa kwa mwenye duka asiyeandika mauzo na madeni. Hata hivyo, unamhusu vilevile mkulima anayegeuza mavuno yake kuwa kinywaji. Mali ya mkulima huyo haimo ndani ya pipa peke yake. Imo pia katika ujuzi wa kulijaza pipa hilo, na ujuzi usioandikwa huzikwa pamoja na mwenye nao.

Mfano mzuri wa jambo hili unapatikana mbali, magharibi mwa Uingereza, katika kinywaji ambacho wanywaji wa Dar es Salaam na Nairobi wanakifahamu kwa sura ya chupa: pombe ya matufaha, maarufu kama saida. Savanna kutoka Afrika Kusini imezoeleka katika baa za Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na mwaka 2017 Kenya ilipata Tusker Cider. Wengi wanaofungua chupa hizo hawajui kwamba nyuma ya kinywaji hicho kuna rafu ndefu ya vitabu, vingine vikiwa na umri wa zaidi ya miaka 350.

Rafu hiyo ni ya kuangaliwa kwa jicho la biashara. Ukivipitia vitabu hivyo kwa mfuatano wa miaka, jambo moja linajitokeza wazi. Vitabu vilivyokisifia kinywaji viliwapendeza matajiri. Vitabu vilivyokipima ndivyo vilivyomsaidia mkulima, na mara nyingine viliokoa maisha ya kibarua wake.

Tufaha la pombe si tufaha la sokoni

Kwanza ifahamike pombe hiyo inavyotengenezwa kwa njia ya jadi. Matufaha huvunwa kati ya Septemba na Desemba. Zamani yalisagwa kwa jiwe kubwa la mviringo lililozungushwa na farasi ndani ya mfereji wa mawe. Rojo lililopatikana lilipangwa tabaka juu ya tabaka, likitenganishwa kwa mabua makavu au kitambaa cha singa za farasi, kisha likakandamizwa kwa parafujo kubwa ya mbao hadi juisi ikatoka. Juisi iliingizwa kwenye pipa na kuchachuka yenyewe kwa hamira ya asili iliyomo katika matunda na vyombo. Kwa sababu ya baridi, kazi hiyo ilikwenda polepole kwa miezi kadhaa.

Jambo ambalo mgeni hulikosa ni kwamba tunda linalofaa si lile la kula. Tufaha la pombe huwa na ukakasi mwingi kiasi kwamba ukiling'ata unalitema. Ukakasi huo ndio unaokipa kinywaji uzito na rangi. Kwa hiyo mkulima asiyejua aina za miti yake hawezi kujua atavuna pombe ya namna gani, na hawezi kumwahidi mnunuzi kitu kile kile mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo daftari linapoanza kuwa fedha.

Vitabu vya sifa

Katikati ya karne ya 17, mtu aliyeipigia debe sana saida alikuwa John Beale, kasisi wa Herefordshire. Mwaka 1657 kilichapishwa kitabu chake kidogo kilichotaka mashamba ya matufaha ya mkoa huo yawe mfano kwa Uingereza nzima. Miaka saba baadaye, mwaka 1664, John Evelyn alitoa Pomona, kiambatisho cha kitabu chake maarufu cha miti kilichochapishwa kwa idhini ya Royal Society ya London. Beale na wenzake kadhaa walichangia maandiko humo.

Hoja yao haikuwa ya ladha peke yake. Uingereza ilikuwa ikipeleka fedha nyingi nje kununua divai, hasa ya Ufaransa. Waandishi hao waliona kwamba nchi isiyostawisha zabibu vizuri ingeweza kujitosheleza kwa kinywaji cha matufaha, tena bila kutumia nafaka ambayo ingeliwa kama mkate. Hoja ya namna hiyo ingeweza kutolewa leo katika kikao chochote cha bajeti.

Vitabu hivyo vilikuwa na mambo ya maana. Sir Paul Neile, mmoja wa waliochangia Pomona, alieleza jinsi kipande cha sukari kinavyoweza kutiwa ndani ya chupa ya saida ili ichangamke na kutoa povu. Mwaka 1662 Christopher Merret alikuwa ameieleza Royal Society kwamba wauza divai wa London walikuwa wakitia sukari na molasi katika divai kwa lengo hilo hilo. Mtawa Dom Pérignon, ambaye jina lake huhusishwa na kuzaliwa kwa shampeni, alifika katika nyumba ya watawa ya Hautvillers mwaka 1668. Kwa maneno mengine, ufundi wa povu uliandikwa kwa Kiingereza kabla mtawa huyo hajaanza kazi.

Hata hivyo, faida haikumfikia mkulima wa kawaida. Kitabu kilikuwa cha mabwana na kwa ajili ya mabwana. Tufaha lililosifiwa kuliko yote, Redstreak, lilihusishwa na Lord Scudamore, mwenye ardhi mkubwa, na saida yake ilinywewa mezani kwa matajiri kama divai. Kufikia mwisho wa karne ya 18 aina hiyo ilikuwa imedhoofika mno, na sifa zote zilizoandikwa juu yake hazikuweza kuirudisha.

Sumu ndani ya ujira

Kitabu cha pili kinachostahili kukumbukwa hakikuwa na neno la sifa hata moja. Huko Devon, mkoa mwingine wa saida, kulikuwa na ugonjwa uliorudi karibu kila mwaka msimu wa pombe mpya. Mgonjwa alipatwa na msokoto mkali wa tumbo, akafunga choo, na wengine walipooza mikono. Wengi waliamini kwamba chanzo ni ukali wa saida yenyewe.

Mwaka 1767 daktari George Baker, ambaye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Devon, alichapisha andiko lililotaja chanzo kingine: madini ya risasi. Alionyesha kwamba watengenezaji wa Devon walitumia risasi kuunganishia mawe ya vinu na kufunikia sehemu za mashine za kukamulia. Juisi yenye asidi iliyeyusha madini hayo kidogo kidogo. Baker aliipima saida ya Devon kwa njia za kemia za wakati ule akaikuta risasi. Kisha akalinganisha na Herefordshire na mikoa ya jirani, ambako watu walikunywa saida vilevile lakini vinu havikuwa na risasi, na ugonjwa ulikuwa adimu.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, ni lazima kukumbuka kwamba vibarua wa mashamba walilipwa sehemu ya ujira wao kwa saida. Utaratibu huo uliendelea hadi sheria ya mwaka 1887 ilipopiga marufuku kumlipa kibarua wa shamba kwa kileo. Maana yake ni kwamba maskini wa Devon alikabidhiwa sumu mkononi kama sehemu ya mshahara, na hakuwa na pa kuikataa.

Baker hakushukuriwa haraka. Wapo watu wa Devon, wakiwamo makasisi na wenye vinu, waliomshutumu kwa kuichafulia jina bidhaa ya nyumbani. Shutuma hizo zina mlio unaofahamika popote pale: anayesema ukweli juu ya bidhaa yetu anatuharibia soko. Lakini risasi iliondolewa katika vinu hatua kwa hatua, na ugonjwa ukapungua hadi ukabaki katika vitabu vya historia ya tiba. Saida ya Devon haikufa kwa kusemwa vibaya. Ilipona.

Wapo wanaodai hadi leo kwamba kinywaji cha jadi hakihitaji vipimo kwa kuwa wazee walikitengeneza bila vipimo na hawakudhurika. Jibu la dai hilo ni Devon. Wazee wa Devon walidhurika, na hawakujua kilichowadhuru hadi mtu alipokaa chini, akapima, akalinganisha na kuandika.

Kupima juisi, kutaja jina

Hatua iliyofuata ilichukuliwa na Thomas Andrew Knight wa Herefordshire. Mwaka 1797 alichapisha kitabu kuhusu kilimo cha matufaha na mapeasi na utengenezaji wa pombe zake, na mwaka 1811 akatoa Pomona Herefordiensis, chenye picha za rangi za aina za mkoa wake. Knight aliamini kwamba kila aina ya tufaha ina umri wake, na kwamba vikonyo vinavyobebeshwa kutoka mti uliozeeka huzeeka pamoja nao. Katika hilo alikosea. Lakini imani hiyo ilimsukuma kuchavusha maua ya aina moja kwa chavua ya nyingine ili apate aina mpya, na akawa miongoni mwa wa kwanza kufanya kazi hiyo kwa mpango.

Zaidi ya hayo, Knight alipima uzito wa juisi ya kila aina ukilinganishwa na maji. Kipimo hicho kina maana kubwa kwa sababu uzito wa juisi hutokana hasa na sukari, na sukari ndiyo inayogeuka kuwa pombe. Kwa mfano, juisi yenye kipimo cha 1.050 ikichachuka hadi sukari yote iishe hutoa pombe ya asilimia 6 na ushee. Mkulima mwenye kipimo hicho anaweza kujua nguvu ya pombe yake kabla haijaiva. Nadharia ya Knight imetupwa, lakini kipimo chake kingali kinatumika, na leo chombo cha kukipimia ni kioo kidogo kinachoelea ndani ya juisi.

Tatizo la vitabu vya Knight lilikuwa lile lile la Evelyn, yaani bei. Tatizo hilo lilijirudia miaka ya 1870, pale klabu ya wapenda maumbile ya Herefordshire, Woolhope Club, ilipoona aina za zamani zinapotea na majina yake yanachanganywa. Kati ya mwaka 1876 na 1885 klabu hiyo ilichapisha The Herefordshire Pomona chini ya Robert Hogg na daktari Henry Graves Bull, kikiwa na kurasa 77 za michoro ya rangi iliyochorwa na Alice Ellis na Edith Bull, binti wa daktari huyo. Ni kitabu kizuri ajabu. Zilitolewa nakala 600 tu, na leo nakala moja huuzwa kwa maelfu ya pauni.

Wakulima wangapi wa wakati huo wangeweza kukinunua? Ni dhahiri kwamba si wengi. Lakini hapa waungwana hao walifanya jambo ambalo waliowatangulia hawakulifanya. Mwaka 1886 Hogg na Bull walitoa kitabu kingine kidogo, The Apple and Pear as Vintage Fruits, kilichojikita katika matunda ya pombe peke yake na kueleza sifa za kila aina. Aidha, mwaka 1884 klabu hiyo ilikuwa imeleta kutoka Normandy, Ufaransa, aina ambazo wenyeji hawakuwa nazo, ikiwamo Michelin na Médaille d'Or, zikabebeshwa katika miche ya Herefordshire. Kitabu na mche vilikwenda pamoja, na huo ndio ugani wa kweli.

Matokeo ya kibiashara yalionekana mapema. Mwaka 1887 kijana Percy Bulmer, mtoto wa mchungaji wa Credenhill, kijiji kilicho jirani na Hereford, alianza kutengeneza saida kwa ajili ya kuuza. Baba yake alikuwa mmoja wa watu wa Woolhope Club. Kampuni iliyotokana na jaribio hilo ilikuja kuwa kubwa kuliko zote duniani katika biashara ya saida.

Miaka 100 ya Long Ashton

Mwaka 1893 mwenye shamba mmoja wa Somerset, Robert Neville Grenville, alianza majaribio ya kutafuta kwa nini pipa moja linatoa saida nzuri na jingine lililo pembeni yake linatoa siki. Mkemia F. J. Lloyd aliyaendesha majaribio hayo, na ripoti yake ilichapishwa na serikali mwaka 1903. Mwaka huo huo kilianzishwa kituo cha utafiti wa matunda na saida huko Long Ashton, karibu na jiji la Bristol.

Kituo hicho ndicho kilichowapa wakulima mgawanyo wa matufaha ya pombe unaotumika hadi leo. Mgawanyo wenyewe ni rahisi kiasi kwamba unaweza kuandikwa kwenye ukuta wa ghala. Juisi yenye asidi chini ya asilimia 0.45 na tanini, yaani ule ukakasi, chini ya asilimia 0.2 ni tamu. Yenye asidi ndogo lakini tanini inayozidi 0.2 ni tamu-kakasi. Yenye asidi inayozidi 0.45 na tanini ndogo ni chachu. Na yenye vyote viwili kwa wingi ni chachu-kakasi. Kwa hiyo mkulima mwenye Dabinett anajua kuwa ana tamu-kakasi, na mwenye Kingston Black anajua kuwa ana chachu-kakasi. Akijua hivyo, anaweza kuchanganya matunda kwa hesabu badala ya kubahatisha, na anaweza kudai bei inayolingana na alichonacho.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana kumbukumbu nyingine ya kituo hicho, pengine bila kujua. Ribena, kinywaji cha matunda ya blackcurrant kilichozoeleka katika nyumba nyingi, kilitokana na utafiti wa maji ya matunda uliofanywa na Vernon Charley huko Long Ashton miaka ya 1930. Kituo cha pombe ya wakulima kilizaa kinywaji cha watoto, kwa sababu elimu ya juisi ni moja.

Mwaka 2003 Long Ashton ilifungwa, ikiwa imetimiza miaka 100. Maabara ziliondoka na watafiti wakatawanyika. Kama elimu hiyo ingekuwa imehifadhiwa vichwani na kwenye makabati ya ofisi, huo ungekuwa mwisho wake. Haikuwa hivyo. Mwaka 1957 Alfred Pollard na Fred Beech walikuwa wamechapisha kitabu cha utengenezaji wa saida, na mwaka 2008 Andrew Lea, mkemia aliyewahi kufanya kazi Long Ashton, alitoa Craft Cider Making, kinachomlenga mtu mwenye miti michache nyuma ya nyumba.

Kitabu cha Lea ni mfano wa kitabu kinachomheshimu mtengenezaji mdogo. Hakimwambii asadiki tu. Kinamweleza kwa nini juisi ambayo kipimo chake cha pH ni kati ya 3.2 na 3.8 iko salama zaidi dhidi ya vijidudu, afanye nini ikizidi hapo, na kwa nini kiasi cha dawa ya salfa kinachohitajika hubadilika kwa kufuata kipimo hicho. Anayependa kuacha hamira ya asili ifanye kazi yake anaelezwa namna, pamoja na hatari zake. Mila inabaki, lakini anayeifuata anajua anachokifanya.

Je, vitabu vimewanufaisha wakubwa?

Pingamizi la haki lipo, na halipaswi kukwepwa. Inaweza kusemwa kwamba elimu iliyoandikwa imewanufaisha wenye viwanda kuliko wakulima, na kwamba kiwanda kikishajua kemia kinaweza kulipunguza tunda lenyewe. Uingereza yenyewe inatoa ushahidi. Kanuni iliyoanza mwaka 2010 inataka kinywaji kinachoitwa saida kiwe na juisi isiyopungua asilimia 35. Kabla ya hapo hapakuwa na kiwango cha chini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya chupa inaweza kuwa maji na sukari, na bado ikaitwa saida kihalali.

Aidha, Bulmers iliuzwa mwaka 2003 na hatimaye mwaka 2008 ikawa chini ya Heineken. Wakulima wengi waliopanda mitufaha miaka ya 1990 walifanya hivyo kwa mikataba ya muda mrefu na kiwanda. Unywaji uliposhuka, matunda yalizidi mahitaji. Mwaka 2023 Heineken iling'oa shamba lake la Penrhos huko Monmouthshire, Wales, lenye ekari zipatazo 300. Mitufaha iliyokuwa ikizaa iligeuka kuni.

Yote hayo ni kweli. Lakini swali la kujiuliza ni hili: mkulima aliyebaki na mitufaha isiyo na mnunuzi ana njia gani? Asiye na elimu ya kutengeneza hana njia ila kung'oa. Mwenye elimu hiyo, iliyoandikwa wazi na kuuzwa kwa bei ya kawaida, anaweza kukamua mwenyewe na kuuza chupa yenye juisi tupu kwa mteja anayetaka kujua anachokunywa. Kiwanda kingeipata elimu hiyo kwa vyovyote, kwa kuwa kina uwezo wa kuajiri mkemia. Asiyeweza kumwajiri mkemia ndiye anayehitaji kitabu.

Pingamizi jingine husemwa kwa sauti ya chini zaidi: kuandika ni kumwita mtoza ushuru. Hapo pia historia ina neno. Mwaka 1763 serikali ya Lord Bute iliweka kodi ya shilingi 4 kwa kila pipa kubwa la saida, na ikawapa maafisa ushuru ruhusa ya kuingia katika nyumba za watengenezaji. Mikoa ya saida iliwaka moto kwa maandamano na malalamiko, na mwaka 1766 kodi hiyo ikafutwa. Kodi iliporejeshwa mwaka 1976, mtengenezaji asiyezidi lita 7,000 kwa mwaka alisamehewa. Linganisha mara hizo mbili. Mara ya kwanza mtengenezaji wa nyumbani alibebeshwa mzigo kama mfanyabiashara. Mara ya pili alitambuliwa kwa kipimo, na kipimo hicho kikamlinda. Biashara isiyojulikana ukubwa wake haiwezi kuombewa msamaha unaoifaa.

Daftari la mbege na lubisi

Funzo la saida linafika moja kwa moja Kilimanjaro, ambako mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu na ulezi. Linafika Kagera, ambako lubisi hutengenezwa kwa ndizi na mtama, na Iringa na Njombe, ambako mianzi hugemwa ulanzi. Wazee wa maeneo hayo hutofautisha migomba ya chakula na ya pombe kwa majina, kama mkulima wa Somerset anavyozitofautisha Dabinett na Kingston Black. Mafundi wa pombe hizo wanajua siku ya kuvundika, siku ya kuchanganya na dalili za pombe iliyoharibika.

Si kweli kwamba hakuna aliyewahi kuzipima. Tafiti za wasomi kuhusu mbege na lubisi zipo, na zimechapishwa katika majarida ya kisayansi. Tatizo ni kwamba zimeandikwa kwa Kiingereza cha maabara na zinasomwa na wasomi wenzao. Hizo ndizo Herefordshire Pomona za Afrika Mashariki: kazi nzuri, nakala chache, na mama mpika pombe wa Rombo hazimfikii. Kinachohitajika sasa ni kile kitabu kidogo cha mwaka 1886.

Kitabu hicho kiwe cha Kiswahili chepesi, cha kurasa zisizozidi mia moja, na bei ya mtu wa kijijini. Kitaje aina za ndizi kwa majina ya wenyeji, pamoja na picha, na kieleze kila aina inatoa juisi ya namna gani. Kitaje vyombo vinavyofaa na visivyofaa, hasa vya chuma na plastiki vilivyowahi kubeba kemikali, kwa sababu asidi ya ndizi haina tofauti ya tabia na asidi ya tufaha iliyoyeyusha risasi ya Devon. Kieleze vipimo viwili au vitatu ambavyo mtu anaweza kuvifanya nyumbani, na kiseme bila haya ni mazoea gani ya wazee yanafaa kubaki na yapi yaachwe.

Wa kukiandika wapo. Chuo Kikuu cha Sokoine kina wataalamu wa chakula, SIDO inawafahamu wajasiriamali wadogo, TBS inajua viwango, na vyama vya ushirika vina wanachama ambao ndio mafundi wenyewe. Kilichopungua ni kuwakalisha pamoja, na kumweka fundi wa kijijini kwenye jalada kama mwandishi mwenza, asitajwe tu kama mtu aliyehojiwa.

Wapo watakaosema kuna mambo ya haraka zaidi ya kuandika vitabu vya pombe. Lakini mafundi wanazeeka, vijana wanahamia mjini, na chupa za kutoka nje zinazidi kujaa rafuni. Waingereza walipoteza Redstreak yao wakiwa na maktaba nzima ya sifa zake. Waliobaki na miti inayozaa na pombe inayouzika ni wale waliotaja majina, wakapima juisi, na wakauza kitabu kwa bei ambayo mkulima aliimudu.